Usipoziba Ufa: Madhara ya Kuyaacha Maji Yaliyoingia Nyumbani

Malalamiko yanayohusu nyumba na maji mara chache huanza kwa tatizo kubwa. Huanza kwa doa la rangi ya chai kwenye dari, lipu inayochubuka karibu na sakafu, au bomba linalodondosha chini ya sinki ambalo mwenyeji ameliwekea ndoo. Mwezi hupita, kisha msimu mzima wa mvua. Siku mlalamikaji anapofika kudai haki yake huulizwa maswali mawili ambayo mara nyingi hana majibu yake: uharibifu huu ulianza lini, na ulifanya nini ulipouona?

Makala hii inahusu kipindi hicho kilicho kati ya kuona na kutenda. Maji yaliyoachwa ndani ya nyumba hayatulii mahali pamoja. Kadiri siku zinavyopita huharibu kitu chenye thamani kubwa kuliko kile yalichoanza nacho. Tena gharama ambayo mwanzoni ingeweza kubebwa na mtoa huduma, mwenye nyumba, jirani au kampuni ya bima huhama kidogo kidogo hadi ikafika mfukoni mwa mtumiaji mwenyewe.

Maji huingilia wapi

Maji huingia nyumbani kwa njia nne. Hutoka juu, kupitia paa, slabu na gata zilizoziba. Hutoka ndani, kwenye mabomba, matangi, bafu na vyoo. Hutoka chini, kwa unyevu unaopanda kutoka ardhini. Na hutoka nje, wakati wa mafuriko.

Ni kosa kudhani kwamba mahali doa linapoonekana ndipo maji yanapoingilia. Maji yanayopenya kwenye tundu la msumari wa bati hufuata mteremko wa kenchi na yanaweza kudondokea dari mita kadhaa mbali na tundu lenyewe. Unyevu wa ardhini nao hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Unapokauka usoni mwa ukuta huacha chumvi nyeupe, na chumvi hiyo ndiyo inayoisukuma rangi na lipu hadi zikabanduka.

Kwa sababu hiyo, kupaka rangi juu ya doa si tiba. Rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani, ukatafuta njia nyingine ya kutokea, mara nyingi juu zaidi au upande wa pili wa ukuta. Kabla ya kununua rangi, tunashauri ufanye jaribio rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa gundi ya utepe, na ukiache kwa siku nzima. Matone yakionekana upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa nje, tatizo ni hewa ya chumba, na huenda tiba ni kufungua madirisha tu.

Siku mbili za kwanza

Kuvu huenea kwa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vimo hewani wakati wote. Havihitaji kuletwa na mtu. Vinachohitaji ni unyevu. Mbao, karatasi inayofunika ubao wa jipsamu, nguo, godoro au vumbi lililotanda ukutani vikibaki vimelowa kwa muda wa saa 24 hadi 48, kuvu huweza kuanza kuota. Kitu kilichokaushwa ndani ya siku mbili mara nyingi huokoka, lakini kilichoachwa wiki nzima huenda kikahitaji kutupwa.

Madhara yake hayaishii kwenye harufu na madoa meusi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, ukieleza kwamba watu wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupata zaidi matatizo ya kupumua, mzio na pumu. Wanaoathirika zaidi ni watoto, wazee na wale ambao tayari wana pumu, yaani watu wanaokaa ndani kwa muda mrefu zaidi. Familia inayomrudisha mtoto hospitali kila mara kwa kikohozi na kifua kubana ingefaa kukagua pia ukuta wa nyuma ya kitanda chake.

Kuvu iliyoenea eneo dogo, lisilozidi mita moja ya mraba hivi, inaweza kusafishwa na mwenyeji mwenyewe kwa sabuni na maji, akiwa amevaa glavu na barakoa, kisha pakaushwe kabisa. Kuvu kavu isifagiliwe, kwa kuwa vijimbegu vitatawanyika nyumba nzima. Ubao wa jipsamu ulioota kuvu ukatwe na kubadilishwa, maana kuvu imekwisha kuingia ndani yake. Anayetumia dawa ya klorini asiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye tindikali au amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Miezi na miaka inayofuata

Chanzo cha maji kisipozibwa, uharibifu hutoka kwenye vitu vinavyoonekana ukaingia kwenye vile vinavyoishikilia nyumba. Mbao za kenchi zinazolowa mara kwa mara huoza, na mbao laini zenye unyevu huwavutia mchwa. Fundi anayeitwa kubadilisha bati moja hukuta kenchi imekuwa unga, na kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya kuezua paa.

Katika nyumba za zege hatari hujificha zaidi. Nondo zilizomo ndani ya zege hulindwa na saruji yenyewe, lakini maji, hewa na chumvi vikipenya kwa muda mrefu kinga hiyo huisha na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulisukuma zege kutoka ndani hadi likapasuka. Ufa huo hufungua njia kwa maji mengine, na maji hayo huzalisha kutu nyingine. Mtu akiona chini ya slabu ufa ulionyooka wenye madoa ya rangi ya kutu, au vipande vya zege vimeanguka na nondo zimebaki wazi, asiuzibe kwa saruji na kuupaka rangi. Amwite mhandisi wa majengo. Kuziba kwa namna hiyo huficha dalili na kuuacha ugonjwa uendelee.

Uzito wa maji nao usisahaulike. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Slabu ya paa yenye ukubwa wa mita za mraba 10 ikituamisha maji yenye kina cha sentimita 5 tu kwa sababu tundu la kutolea maji limeziba, hubeba mzigo wa kilo 500. Maji hayo yaliyotuama huwa pia mazalia ya mbu wa homa ya dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Kuta za udongo na kuta za mawe

Kwa nyumba za tofali mbichi au za miti na udongo, hatari ni ya haraka zaidi na haipimwi kwa fedha. Udongo mkavu unaweza kubeba paa kwa miaka mingi. Udongo uliolowa hupoteza nguvu zake. Maji yanayodondoka kutoka paa lisilo na upenu wa kutosha huila sehemu ya chini ya ukuta, na ukuta uliodhoofika huanguka bila kutoa taarifa, pengine usiku watu wakiwa wamelala. Dalili za kuangalia ni hizi: ukuta kuvimba au kuinama, sehemu ya chini kulika, nyufa mpya pembeni mwa madirisha, na mlango uliokuwa ukifungika vizuri kuanza kukwama. Dalili hizi zikionekana wakati wa masika, familia isilale katika chumba hicho hadi ukuta ukaguliwe. Kurefusha upenu na kuchimba mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi ni kazi ya gharama ndogo ikilinganishwa na hasara inayoweza kuzuiwa.

Nyumba za kale za pwani, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa huruhusu ukuta kupumua, yaani unyevu unaoingia huweza kutoka. Anayepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa namna hiyo ili kuficha unyevu huufungia ndani, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza pasipo mtu kuona. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

Maji na umeme

Maji yanayopita kwenye dari au ukuta hukutana na nyaya, soketi na swichi. Dalili zake ni swichi inayotetemesha mkono inapoguswa, taa inayowaka na kuzima yenyewe, soketi yenye alama za kuungua, au kikata umeme kinachojizima kila mvua inaponyesha. Kikata umeme hicho kinafanya kazi yake ya kukulinda. Kukirudisha mara kwa mara au kukifunga kisijizime ni kuhatarisha maisha.

Maji yakiwa yamefika kwenye nyaya, zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia ukiwa umesimama mahali pakavu. Ikiwa swichi iko mahali penye maji, usiiguse. Toka na uwaite watu wa shirika la umeme. Ukaguzi na matengenezo yafanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na ni haki yako kumwomba akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza kazi.

Bomba linalovuja

Uvujaji unaoonekana mdogo unaweza kupimwa kwa chupa na saa. Ikiwa bomba hujaza chupa ya lita 1 kwa dakika 10, linapoteza lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, na lita 4,320 kwa mwezi wa siku 30. Hizo ni ndoo 216 za lita 20, au zaidi ya uniti 4 za maji kwenye bili yako, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000.

Uvujaji uliofichika chini ya sakafu hugunduliwa kwa kutumia mita. Usiku, funga bomba zote na vali ya kuingizia maji kwenye tangi, andika namba za mita, na uzisome tena baada ya saa mbili bila maji kutumika. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanatoka.

Bili si madhara pekee. Tundu linalotoa maji nje wakati bomba lina msukumo huweza kuingiza uchafu ndani msukumo unaposhuka. Katika maeneo yenye mgao, bomba lililotoboka karibu na shimo la choo linaweza kuvuta maji machafu wakati huduma imekatika, na huduma inaporejea uchafu huo ukafika kwenye glasi ya mtoto. Maji yakitoka na rangi au harufu isiyo ya kawaida baada ya mgao, yaache yatiririke, yachemshe kabla ya kuyanywa, na utoe taarifa.

Baada ya mafuriko

Maji ya mafuriko yahesabiwe kuwa maji taka, kwa kuwa yamepita kwenye mashimo ya vyoo, madampo na gereji. Wakazi wa Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam wanalijua hili vizuri; baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Aliyefurikiwa asiridhike kwa kuona maji yamekauka. Tope litolewe, sakafu na kuta zisuguliwe kwa sabuni kisha kwa dawa ya klorini, na magodoro yaliyolowa maji hayo yatupwe. Chakula kilichoguswa na maji hayo kisiliwe, hata kama kinaonekana kizima, kwa hofu ya kipindupindu. Friji na vifaa vingine vya umeme visiwashwe hadi vikaguliwe.

Nani analipa?

Katika suala hili kuchelewa huumiza zaidi, kwa sababu kila mwenye wajibu wa kulipa ana swali moja la kujitetea nalo: kwa nini hukuniambia mapema?

*Mtoa huduma ya maji.* Kwa kawaida bomba lililo kabla ya mita ni jukumu la mamlaka ya maji, na lililo baada ya mita ni lako. Toa taarifa ya uvujaji ulio upande wao mara uuonapo, na uhifadhi namba ya taarifa uliyopewa. Usiporidhika na hatua zao, unaweza kupeleka malalamiko EWURA.

*Mwenye nyumba na mpangaji.* Soma mkataba wako wa upangaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mwenye nyumba wajibu wa kuhakikisha makazi anayopangisha yanafaa kuishi. Mpangaji naye anao wajibu wa kutunza na kutoa taarifa. Mpangaji aliyenyamaza kwa miezi sita huku dari ikioza anaweza kukatwa fedha zake za dhamana kwa uharibifu ambao hakuuanzisha. Taarifa iwe ya maandishi. Ujumbe wa simu wenye tarehe unatosha kuwa mwanzo.

*Jirani wa ghorofa ya juu.* Ujirani ni jambo jema, lakini maneno ya ngazini hayaachi ushahidi. Mjulisheni kwa heshima na kwa maandishi, pamoja na msimamizi wa jengo, na mkague chanzo kwa pamoja.

*Kampuni ya bima.* Mikataba mingi ya bima ya nyumba hulipia tukio la ghafla, kama kupasuka kwa bomba au tangi, lakini hailipii uharibifu wa polepole, uchakavu wala ukosefu wa matengenezo. Mwenye bima hutakiwa pia kutoa taarifa mapema na kuchukua hatua za busara kuzuia hasara isiongezeke. Hivyo bomba moja linaweza kuwa dai halali siku ya tatu, na dai lililokataliwa mwezi wa tatu. Ukiona umekataliwa isivyo haki, omba sababu kwa maandishi, kisha peleka shauri lako kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hatua za kuchukua

1. Hakikisha usalama kwanza: zima umeme, na watoe watu chini ya dari iliyovimba au ukuta ulioinama.
2. Funga chanzo cha maji. Kila mtu mzima katika nyumba ajue vali kuu ilipo.
3. Piga picha kabla ya kusafisha, na uandike tarehe na saa.
4. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa anayehusika, kwa maandishi.
5. Anza kukausha mara moja, bila kumsubiri mtathmini. Toa mazulia na magodoro nje, fungua madirisha, washa feni ikiwa umeme ni salama. Kilichoharibika kabisa kihifadhiwe kando hadi kionwe.
6. Tengeneza chanzo kabla ya kutengeneza doa. Lipu na rangi vije mwisho, ukuta ukiwa umekauka.
7. Hifadhi risiti zote, na mwombe fundi aandike alichokuta na alichofanya.

Kwa asiye na uwezo wa kugharimia matengenezo yote kwa sasa, tunashauri asiache yote. Msumari wa bati wenye mpira, gata iliyozibuliwa, mtaro uliochimbwa kwa jembe na ujumbe mmoja wenye tarehe ni vitu vya gharama ndogo au visivyo na gharama kabisa. Haviimalizi kazi, lakini huyazuia maji yasisonge mbele na huilinda haki yako hadi fedha zipatikane. Kagua paa, gata na mitaro kabla ya vuli ya Oktoba na kabla ya masika ya Machi, wakati fundi anaweza kupanda juu ya bati kavu na wewe una nafasi ya kuchagua fundi na kupatana naye bei.